Shajara ya mradi: printa ya vitambulisho

Jumatatu, kufungua faili

Agizo kutoka utawala ni la sentensi moja: tuwe na printa yetu ya vitambulisho kabla mkataba na mchapaji wa nje haujaisha. Sababu kila mtu anaijua. Mchapaji anapokea kazi kwa mafungu, kwa hiyo mwajiriwa mpya anasubiri mpaka wapatikane wenzake wa kutosha kujaza fungu, na muda wote huo anapita getini kwa karatasi ya ruhusa iliyogongwa muhuri. Ulinzi wamezichoka karatasi hizo. Rasilimaliwatu wamechoka kuziandika.

Kabla sijaandika neno, mapendekezo yalishafika. Mtu wa TEHAMA anataka printa yenye Wi-Fi. Watu wa mawasiliano wanataka rangi ifike mpaka ukingoni mwa kadi. Mhasibu anataka "ile ndogo, ya bei nafuu". Manunuzi wanataka ankara kifani tatu mezani ili mchakato uanze mara moja.

Nimeomba ankara zisubiri. Printa ya karatasi ukiichagua vibaya utaivumilia, karatasi ni karatasi. Huku aina ya kadi ndiyo inayoamua mashine gani itaichapa vizuri na ipi itaiharibu. Tukianza na mashine tutaishia kununua kadi za kuifurahisha mashine. Ukurasa wa kwanza wa faili una swali moja tu: kadi ikishatoka kwenye printa, inakwenda kufanya kazi gani?

Jumatano, getini na milangoni

Asubuhi nimekaa na walinzi. Nilidhani wanasoma jina. Hawasomi. Wanatazama sura, kisha rangi ya ukanda wa juu unaotofautisha mwajiriwa na mkandarasi, basi. "Bosi, jina nalisoma nikiwa na shaka tu," mmoja ameniambia. "Ila hii picha mmeifanya ndogo, na huyu wa kwenye picha alikuwa hajafuga ndevu." Kadi ya sasa kweli ina nembo kubwa kuliko uso wa mwenye kadi. Nimeandika: picha ikue, nembo ipungue. Najua nani atanipigia simu kuhusu hilo.

Visomaji vya milangoni vinatumia masafa ya 13.56 MHz, kwa hiyo kadi lazima iwe na chipu na antena ndani yake, aina inayofuata ISO/IEC 14443, kiwango cha kimataifa cha kadi zinazosomwa bila kuguswa. Stoo ya vifaa wana skana ya msimbopau kwa ajili ya kuazimisha zana. Jengo la zamani bado lina mashine ya mahudhurio inayosoma mstari wa sumaku.

Huo mstari umenipa shughuli. Uliopo kwenye kadi zetu ni wa sumaku dhaifu, ile ya oersted 300 (kipimo cha ugumu wa kuufuta), ambao ukikaa karibu na kifuniko cha simu chenye sumaku unaweza kufutika. Upo wa sumaku kali, oersted 2,750, unaovumilia zaidi. Lakini wowote tutakaochukua, printa italazimika kuwa na kifaa cha kuuandikia, na kifaa hicho tutakilipia kwa ajili ya mlango mmoja. Nimependekeza mstari uondoke kabisa na jengo la zamani lipewe kisomaji kama vya wengine. TEHAMA wamekubali jioni hiyohiyo, bila kikao. Jambo la nadra.

Ukubwa wa kadi hauna mjadala: milimita 85.60 kwa 53.98, unene 0.76, sawa na kadi ya benki. Wauzaji huuita CR80. Ukiona CR79 kwenye orodha, hiyo ni ndogo kidogo, ina gundi mgongoni, na kazi yake ni kubandikwa juu ya kadi nene ya mlangoni ambayo haipiti kwenye printa. Sisi haituhusu.

Ijumaa, hesabu

Waajiriwa ni kama 600. Rasilimaliwatu wamenipa takwimu za wanaoingia, wanaotoka na wanaopoteza kadi. Ukiondoa fungu la kwanza la kuwabadilishia wote, tutakuwa tunachapa kadi chache kwa wiki, nyingi zikiwa za kubadilisha zilizopotea.

Hapo hoja ya kasi imekufa. Kila kipeperushi kinatangaza kadi ngapi kwa saa kwa herufi nene, na kwetu idadi hiyo haina maana. Fungu la kwanza tutalichapa idara kwa idara, kwa sababu kitakachotuchelewesha ni kupiga watu picha.

Kilicho na maana ni riboni, utepe unaobeba rangi ya kuchapia. Riboni ya rangi huandikwa YMCKO: kipande cha njano, cha majenta, cha samawati, cha nyeusi, na cha mwisho ni tabaka angavu la kinga. Vipande hivyo vinajirudia roli nzima, na kila kadi inakula seti moja kamili. Uchape picha ya uso wote au nukta moja nyekundu pembeni, seti imekwenda. Roli ikiandikwa kadi 300, ni 300 pamoja na zilizoharibika, zilizokwama na za majaribio. Riboni nyeusi tupu ni habari nyingine, roli moja hufika kadi 1,000 na zaidi.

Nimemwonyesha mhasibu jedwali la miaka mitano: mashine, riboni, kadi tupu zenye chipu, vifaa vya kusafishia. Mashine ni sehemu ndogo ya jumla. Zile ndogo za bei nafuu alizozipenda mara nyingi zina roli fupi, na kadi moja inatoka ghali kuliko kwenye mashine kubwa. Ameangalia jedwali muda mrefu, akasema, "Kumbe wanauza riboni, printa wanaitoa kama chambo." Sijawahi kusikia muhtasari mzuri wa biashara hii kuliko huo.

Jumanne, njia mbili za kuchapa

Leo kikao cha kuelezana, maana mawasiliano wameshikilia rangi mpaka ukingoni.

Njia ya kwanza ni kuchapa moja kwa moja juu ya kadi. Kichwa cha printa kina mstari wa vipashio vidogo mno, kwa kawaida 300 kwa kila inchi, zaidi ya 600 kwa upana wa kadi. Kadi inapita chini yake huku riboni ikiwa katikati. Kila kipashio kinapata moto wa kiwango chake. Rangi inageuka mvuke na kuzama kwenye uso wa plastiki. Moto mwingi, rangi nzito; moto kidogo, rangi nyepesi. Ndiyo maana picha za uso hutoka laini bila vinukta. Nyeusi ya kipande cha K ni tofauti: ni utomvu unaoyeyuka na kuganda juu ya kadi, kingo zake kali, nzuri kwa maandishi.

Kwa kuwa kichwa kinagusa kadi, kuna masharti mawili. Hakiwezi kufika ukingoni kabisa bila hatari ya kujigonga kwenye makali ya kadi, kwa hiyo unabaki mpaka mwembamba mweupe. Na kinataka uso ulionyooka kabisa. Penye bonde dogo, riboni haigusi, rangi haiingii.

Njia ya pili huchapa kwanza kwenye filamu, taswira ikiwa imegeuzwa, kisha filamu inagandamizwa kwenye kadi kwa rola ya moto. Kichwa hakiigusi kadi hata siku moja. Rangi inafika ukingoni, mabonde madogo hayaonekani, na kichwa kinaishi muda mrefu. Gharama yake: mashine ni ghali zaidi na kubwa zaidi, kila kadi inakula riboni na filamu pia, na moto wa rola unaweza kuipinda kadi ya plastiki ya PVC pekee, hivyo unahitaji kadi zilizochanganywa PVC na PET, plastiki inayostahimili moto zaidi.

Kuna aliyeuliza kwa nini tusitumie printa ya wino yenye trei ya kadi. Inawezekana, kadi zenye uso maalumu wa kunyonya wino zipo. Lakini bila kuzifunika kwa plastiki wino huchubuka, na kadi inayoning'inia kifuani kila siku inasuguliwa na kila kitu. Kwa klabu ya wanachama sawa. Kwa geti, hapana.

Alhamisi, majaribio na kadi zetu wenyewe

Nilisema mapema kwamba sitaki sampuli za muuzaji. Sampuli ya muuzaji daima ni picha ya mtu anayetabasamu kwenye kadi isiyo na chipu. Tumepeleka kadi zenye chipu kutoka kwa wasambazaji tofauti, pamoja na faili letu la majaribio: uso mweusi sana, uso mweupe sana, jina refu kuliko yote tuliyo nayo, jina lenye ritifaa, na msimbopau.

Kwenye mashine ya kuchapa moja kwa moja, kadi za msambazaji mmoja zimetoka na doa. Ukiitazama kadi kwa mbele huoni kitu. Ukiiinamisha kuelekea dirishani, kulia chini ya picha kuna duara dogo, rangi yake imepauka kidogo. Nimepitisha kidole na hapo ndipo nimehisi kibonde. Ni chipu. Plastiki imezama juu yake kwa kiasi ambacho jicho halikioni lakini kichwa cha printa kimekiona. Kadi za msambazaji wa pili, mashine ileile, riboni ileile, hazina doa hata moja.

Hiyo imebadilisha mjadala. Tulikuwa tunaelekea kwenye mashine ya filamu kwa sababu kadi zina chipu. Sasa naona tatizo liko kwenye ubora wa kadi, na linaweza kuandikwa kwenye masharti ya ununuzi wa kadi: uso ulionyooka, na chipu ikae mahali pamoja siku zote, mbali na picha.

Jambo lingine. Msimbopau tuliouchapa mara ya kwanza ulionekana mweusi vizuri, lakini skana ya stoo haikuusoma. Draiva, programu ya kompyuta inayoiendesha printa, ilikuwa imetengeneza nyeusi kwa kuchanganya njano, majenta na samawati. Jicho linaiona nyeusi; skana inayotumia mwanga wa infraredi haioni kitu, kwa sababu rangi hizo zinaupitisha mwanga huo. Kwenye draiva tumeiambia eneo la msimbopau lichapwe kwa kipande cha K pekee, na skana imesoma kwa umbali wa mkono.

Nyuso: ule mweusi sana ulipoteza umbo la pua na mashavu kwa mipangilio ya kiwandani. Ilibidi kupandisha mwanga wa kati bila kugusa nyeupe. Yeyote atakayechapa vitambulisho vya watu wetu na kuacha draiva ilivyotoka kiwandani anachapa vivuli. Nimehifadhi mipangilio miwili kwa majina yanayoeleweka.

Jina lenye ritifaa lilikatika katikati lilipotoka kwenye kanzidata. Mtu wa TEHAMA amelirekebisha papo hapo upande wake, huku akinung'unika.

Ijumaa, riboni iliyokwisha

Hili halikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote, na sasa liko juu kabisa.

Baada ya majaribio nimeomba roli iliyotumika. Nimeikunjua mezani, taa nyuma yake. Vipande vya rangi vinaonyesha sura kinyume, penye kivuli pameng'aa na penye mwanga pamekolea, lakini mtu anatambulika. Kipande cheusi hakihitaji hata kubahatisha: pale utomvu ulipotoka pamebaki matundu yenye umbo la herufi. Jina, namba ya ajira, cheo, vyote vinasomeka, kadi baada ya kadi, kwa mpangilio. Ni kama karatasi ya kaboni ya kitabu cha risiti. Nimemwita mkuu wa rasilimaliwatu aje aone. Amesoma majina mawili matatu kwa sauti, kisha akauliza roli zilizokwisha huwa zinakwenda wapi. Kwenye pipa la taka, nikamjibu, ofisi nyingi ndivyo zinavyofanya.

Tumekubaliana: roli zilizokwisha zinahesabiwa, zinafungiwa kabatini pamoja na kadi zilizoharibika, na zinakatwakatwa mbele ya watu wawili wanaotia saini. Zipo printa zinazoweza kuficha maandishi kwenye riboni baada ya kuchapa. Ni nyongeza nzuri, lakini haiondoi daftari la kukatakata. Mashine ya filamu nayo inabaki na riboni yenye kumbukumbu hizohizo, kwa hiyo hili haliipendelei njia yoyote.

Kadi tupu nazo zimeingia kwenye daftari hilo. Kadi tupu yenye chipu yetu ni mlango ambao haujapewa jina.

Jumatatu, chipu

Kikao kirefu na TEHAMA na ulinzi. Mfumo wa milango kwa sasa unasoma namba ya chipu tu, ile inayotoka kiwandani, na kuilinganisha na orodha. Namba hiyo haina siri. Kisomaji chochote kinaiona, na zipo kadi zinazouzwa ambazo namba yake inabadilishwa utakavyo. Ukiwa na nakala ya namba una mlango.

Kadi tulizo nazo ni MIFARE Classic, familia iliyotoka mwaka 1994. Usimbaji wake, Crypto-1, ulivunjwa hadharani, na mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walionyesha jinsi kadi hizo zinavyonakiliwa. Bado zinauzwa kwa wingi kwa sababu ni rahisi. Cha rahisi ghali, na hapa ghali yenyewe ni kubadilisha kadi 600 kwa mara ya pili. Tumekwenda na DESFire, familia mpya zaidi ya kadi za chipu, yenye AES, usimbaji ulio imara zaidi. Visomaji vyetu vinaikubali, vinahitaji kupangwa upya tu.

Hapo likaja swali la printa: chipu iandikwe ndani ya mashine au kwenye kifaa cha mezani? Cha mezani ni nafuu. Lakini mtu ndiye atakayechukua kadi iliyochapwa sura ya Fulani na kuiandika haki za Fulani, na siku ya watu hamsini mezani kadi mbili zitabadilishana. Uso wa mmoja na milango ya mwingine ni kosa ambalo hakuna mlinzi atakayeligundua. Kifaa cha ndani kinaandika chipu, kinasoma namba, kinaifunga na rekodi, kisha ndipo kinachapa. Chipu ikiwa mbovu kadi inatemwa kabla haijala riboni. Nimesimama hapo na sikurudi nyuma. Fedha ya mstari wa sumaku tulioufuta imeingia humu.

Tahadhari kwa atakayeunganisha mifumo: visomaji viwili vinaweza kuisoma namba ileile kwa mpangilio tofauti wa baiti. Kimoja kinasema 1A2B3C4D, kingine kinaanzia nyuma na kusema 4D3C2B1A. Ukibadilisha kuwa tarakimu za kawaida ya kwanza ni 439041101 na ya pili 1295788826, na hakuna atakayeamini ni kadi moja. Tumeamua mpangilio mmoja na kuuandika ukutani pa chumba cha seva.

Funguo za DESFire: kadi mpya inatoka na ufunguo wa sifuri tupu. Tumegawana ufunguo wetu kati ya watu wawili ambao si wa kitengo kimoja.

Jumatano, maswali kwa wazabuni

Sasa ndipo ankara zimeitwa. Maelezo ya mashine wote wanayo, nimewauliza mengine.

Kichwa cha printa kikiharibika ndani ya kipindi cha waranti, nani analipa? Majibu yamezunguka. Kawaida waranti ya kichwa inashikilia masharti: riboni halisi za mtengenezaji, kusafisha kila unapobadilisha roli, na kisiwe na mkwaruzo. Kipashio kimoja kikifa kila kadi inatoka na mstari mweupe mwembamba kutoka ncha hadi ncha, na mara nyingi chanzo ni chembe ya vumbi iliyobanwa juu ya kadi. Mzabuni mmoja ameandika kwa maandishi kwamba atatoa mashine ya kuazima wakati yetu iko kwa fundi. Amepata alama nyingi kwa mstari huo mmoja.

Riboni zimefungwa kwa eneo? Riboni nyingi za sasa zina chipu inayotambuliwa na printa, na baadhi ya watengenezaji huzigawa kwa maeneo ya dunia. Mashine iliyonunuliwa eneo moja inaweza kuzikataa riboni za eneo lingine. Ofa iliyokuwa ya bei ya chini kuliko zote ilikuwa ya namna hiyo, mashine imeingia kwa mlango wa nyuma, na muuzaji alipoulizwa riboni zitatoka wapi alisema tusiwe na wasiwasi. Tumekuwa na wasiwasi.

Printa inaweza kuongezewa sehemu baadaye, ya kugeuza kadi au ya kubandika plastiki ya ziada? Draiva ni za mifumo gani? Programu ya kubuni kadi inaunganishwa na kanzidata, au toleo tunalopewa linaishia kwenye rekodi chache na kutulazimisha kulipia toleo la juu? Hili la mwisho limewaangusha wawili.

Wi-Fi nimeiondoa kwenye masharti. Printa inayopokea picha na namba za watu wote inakaa kwenye waya, kwenye mtandao wake.

Majina yaliyofika mezani ni yale yanayojulikana: Fargo ya HID, Zebra, Evolis, Entrust, Magicard. Kwa matumizi kama yetu kila mmoja ana mashine inayofaa. Tofauti itatoka kwa muuzaji na fundi wake.

Jumanne, uamuzi

Tumechukua mashine ya kuchapa moja kwa moja, upande mmoja, nukta 300 kwa inchi, kifaa cha chipu ndani, inayoweza kuongezewa sehemu ya kugeuza kadi na ya kubandika plastiki.

Mawasiliano wamenuna, kisha wameacha kununa. Ukingo mweupe waliouchukia tumeufanya sehemu ya muundo: kadi nzima ni nyeupe, ukanda wa rangi unaishia ndani, na hakuna anayeweza kusema kuna kitu kimekosekana. Turubai ya muundo ni pikseli 1,011 kwa 638, ndiyo kadi nzima kwa nukta 300. Picha ya uso imepewa theluthi ya upana.

Mgongo wa kadi, wenye anwani ya kurudishia na kanuni, hautachapwa na sisi. Maandishi yake ni yaleyale kwa wote, kwa hiyo kiwanda cha kadi kitayachapa wakati wa kutengeneza kadi, chini ya plastiki, ambako hayachubuki. Tumeepuka riboni ya pande mbili, na kadi inapita kwenye mashine mara moja tu. Uchapaji wa pande mbili kila muuzaji aliuchukulia kama lazima; hakuna aliyeuliza mgongo una nini.

Wakandarasi watapata kadi za rangi moja ya kiwandani zilizochapwa kwa riboni nyeusi. Wageni hawatachapiwa: kadi zenye namba, zinachapwa mara moja, zinarudishwa mapokezi. Kuna kadi za kufutika na kuandikwa upya hadi mara 500. Zinavutia, ila mgeni wetu hahitaji jina lake kifuani, anahitaji mwenyeji wa kumsindikiza.

Mafundi wa karakana wanaoshika grisi watapewa kadi ndani ya kasha gumu. Tabaka la kinga la riboni ni jembamba sana na halitawastahimili. Kasha likishindwa ndipo tutaongeza ile sehemu ya plastiki.

Alhamisi, mashine imefika

Imekaa kwenye chumba kidogo cha rasilimaliwatu. Chaguo la kwanza la utawala lilikuwa mapokezi, "watu waone". Mapokezi mlango unafunguliwa siku nzima, vumbi linaingia, na kila mpita njia angeona sura na namba za wenzake. Chumba kina kufuli na feni haielekei kwenye mashine.

Wamefundishwa watu wawili, wa tatu akiba. Kadi zinashikwa kwa kingo. Alama ya kidole ni mafuta, na penye mafuta rangi inakataa. Tumewaonyesha kwa makusudi, kadi ikatoka na dole gumba jeupe katikati ya shavu la mtu. Kicheko kilikuwa kikubwa na somo limekaa. Kabla ya kuweka kadi kwenye trei zipepetwe, maana umemetuamo unazigandisha mbilimbili. Roli mpya haiingii bila kadi ya kusafishia yenye alkoholi kupita kwanza, na tarehe inaandikwa daftarini, kwa sababu siku ya kudai waranti daftari ndilo litakaloulizwa.

Tundu la kamba ya shingoni linatobolewa baada ya kuchapa, kamwe si kabla: makali ya tundu yanaweza kukwaruza kichwa. Na halitobolewi popote tu. Antena inazunguka karibu na kingo za kadi. Ukiikata, kadi inabaki na sura nzuri na haifungui mlango. Tumemulika kadi kwa tochi, tukaona waya unapopita, tukatengeneza kiolezo cha kutobolea. Baadaye tumeona ni rahisi zaidi kutumia kasha lenye tundu lake na kuiacha kadi nzima. Kiolezo kimebaki kwa wakandarasi.

Idara ya kwanza imeshachapiwa. Karatasi za muhuri zimekusanywa getini.

Kinachosubiri

Kisomaji cha jengo la zamani hakijafungwa. Mpaka kifungwe, waliomo wanabeba kadi mbili. Kiwango cha kuagizia riboni kimewekwa roli mbili zikibaki, ugavi wathibitishe muda wa kusafirisha. Kadi za fungu la pili zikifika zipimwe chipu na uso kabla ya kupokelewa, kadi kumi za kubahatisha kutoka kila kasha. Mkuu wa ulinzi anataka kuona roli ya kwanza ikikatwakatwa, ikiisha aitwe.